Pikapu Mpya Bado Ni Mbichi: Jinsi ya Kuizoesha Kabla ya Kuifunga Trela

Pikapu yangu ilikuwa na kilomita 190 tu nilipoifunga trela la mashua. Kijana aliyenikabidhi ufunguo alikuwa ameniambia, "Mzee, hii ni gari ya kazi, funga mzigo uende." Nikaenda. Kutoka Mtwapa mpaka Shimoni, feri ya Likoni katikati, mashua ya faiba yenye mashine mbili nyuma, na jua la Februari utosini. Gari lilivuta kama halina kitu. Mshale wa joto haukutikisika. Nilirudi nyumbani najisifu. Wiki tatu baadaye, kila nikiwa kwenye mwendo wa 70 nikainua mguu kwenye mafuta, nyuma kukawa na mluzi kama wa birika linalokaribia kuchemka.

Fundi wangu wa Kisauni alijilaza chini ya gari, akafungua nati ya difu, lile bumba la gia katikati ya ekseli ya nyuma, akachovya kidole na kukisugua kwa kidole gumba. Oili ilikuwa nyeusi tii, na ndani yake vumbi la chuma linametameta juani. "Injini ikiumia hulalamika, bwana," akaniambia. "Difu hunyamaza mpaka iishe." Nikanunua krauni na pinioni mpya, gia za ndani ya difu, za gari ambalo bado lilikuwa na harufu ya dukani.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza namna ya kuzoesha pikapu mpya, naanzia nyuma ya gari, si mbele. Wengi huihurumia injini tu. Injini za siku hizi hutoka kiwandani zikiwa zimechongwa kwa usahihi mkubwa na husamehe mengi. Difu haisamehi, na trela ndilo linaloibebesha mzigo kuliko kazi nyingine yoyote utakayoipa.

Ni nini hasa kinachoiva

Ndani ya difu kuna gia ndogo, pinioni, inayozungusha gia kubwa, krauni. Meno yake yamepinda, na hayagusani kwa kubingirika tu. Husuguana kwa kuteleza, jino juu ya jino, na chini ya shinikizo kubwa. Yakiwa mapya, yana vinundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Kilomita za mwanzo ndizo zinazovilaza vinundu hivyo mpaka meno yakubaliane. Kazi hiyo huzaa joto, na ndiyo maana difu ya gari jipya huwa na joto zaidi ya difu ya gari lilelile mwaka mmoja baadaye. Ukiongeza trela la tani moja na nusu juu ya joto hilo, oili hupungua uzito, utando wake kati ya meno hukatika, na chuma hukwaruza chuma. Kinachoharibika hapo hakirudi. Utaendesha miezi kadhaa bila kujua, kisha mluzi uanze.

Kwenye injini, kinachozoeana ni ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Ukuta huo umechorwa mistari midogo ya kukatana ili ushike oili na kuisugua ringi mpaka ikae sawasawa. Ringi husukumwa nje na nguvu ya moto unaowaka juu ya pistoni, kwa hiyo inahitaji kazi ya kiasi ili ikae. Injini inayobembelezwa mno, inayokaa saa nzima ikinguruma bila kwenda kwenye foleni ya Likoni, haiivi vizuri, na baadaye inaweza kuanza kunywa oili. Pana watu wanaodhani kuendesha polepole siku zote ndiyo kuzoesha. Sivyo. Kinachotakiwa ni mwendo wa kubadilika-badilika.

Pedi za breki nazo zinatakiwa zizoeane na diski, klachi izoeane na sahani yake, na matairi mapya yapoteze ule utelezi wa juu yanaotoka nao kiwandani. Hayo ni ya siku chache.

Kitabu cha gari kinasema nini

Kabla hujatoka dukani, fungua kitabu cha gari kwenye ukurasa wa kuzoesha gari jipya na ule wa kuvuta trela. Wengi hukitupa kwenye kisanduku cha dashibodi kikiwa bado ndani ya nailoni. Vitabu vingi vya Toyota huandika: kilomita 300 za mwanzo usifunge breki ghafla, na kilomita 800 za mwanzo usivute trela. Chevrolet pia huzuia trela kwa kilomita 800, kisha huongeza sharti ambalo wengi hawalijui: katika kilomita 800 za mwanzo za kuvuta, usizidi 80 kwa saa wala usiondoke kwa kukanyaga mafuta mpaka chini. Ford, kwa pikapu yake ya F-150, hutaka kilomita 1,600 kabla ya trela. Gari hilo hulioni sana hapa kwetu, lakini tarakimu yake ndiyo niliyoichukua kuwa yangu. Mombasa ina joto, na matrela yetu mengi hubeba kuliko yalivyotengenezewa. Kilomita 800 naona ni chache. Kitabu chako kikitaja zaidi ya 1,600, fuata kitabu.

Jambo jingine ni kilomita ulizozikuta kwenye mita. Land Cruiser nyingi za pikapu huunganishwa papa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, kwa hiyo unaweza kuipata na kilomita chache mno. Isuzu D-Max huunganishwa Nairobi. Ikiteremshwa kwa kuendeshwa, itakufikia na kilomita karibu 480, nyingi zikiwa za mwendo mmoja kwenye lami ya Voi na Mackinnon Road. Usizihesabu zote. Mimi ningezihesabu nusu, na ningeuliza ililetwaje.

Kilomita 0 mpaka 300: mjini, lakini si kwenye foleni

Siku za kwanza shughulikia breki na matairi. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu alfajiri. Mimi hupenda barabara ya Dongo Kundu Jumapili asubuhi, kabla ya malori hayajaamka. Hakikisha hakuna gari nyuma yako. Fika mwendo wa 60, kanyaga breki kwa uthabiti bila kuibamiza mpaka ushuke 20, kisha achia bila kusimama kabisa. Endesha kilomita moja hivi ili zipoe, kisha rudia. Mara nane au kumi zinatosha. Ukisimama kabisa breki zikiwa za moto na mguu ukabaki juu, pedi huacha alama kwenye diski, na utaanza kusikia mtetemo kwenye usukani kila ukifunga breki. Ukisikia harufu ya kuungua, pumzika. Mazoezi haya si yale ya kusimama ghafla yanayokatazwa na kitabu. Unaongeza nguvu taratibu, na kama kitabu chako kimetoa utaratibu wake, acha huu wangu.

Baada ya kilomita 100 kaza nati za magurudumu. Tumia spana ya kupimia ukazaji, si bomba refu na nguvu za kijana wa gereji. Nati zilizokazwa mno hupinda diski na huvunja stadi, tena siku ya pancha hutaweza kuzifungua.

Wakati huu usipande mafuta kwa pupa. Kwa dizeli, mshale wa mizunguko usipite 3,000 isipokuwa kwa dharura. Vilevile usiiburute kwenye gia kubwa ikiwa kwenye mizunguko 1,100 huku gari likitetemeka, kwa sababu hilo ni baya kuliko kuiacha ipande. Kila asubuhi ipe injini dakika moja kabla hujaondoka, na jioni ukitoka mwendo mkali ipe nyingine kabla hujazima, ili turbo ipoe na oili ikizunguka.

Kilomita 300 mpaka 800: tafuta vilima

Hapa difu inapewa kazi ya kujinoa, na kazi yenyewe ni kusukumwa na kuachiwa, kusukumwa na kuachiwa. Ukikanyaga mafuta, meno hugusana upande mmoja. Ukiinua mguu, gari likawa ndilo linalozungusha injini, hugusana upande wa pili. Barabara tambarare ya mwendo mmoja husugua upande mmoja tu, na mahali palepale. Kwa hiyo safari ya Nairobi, ambayo watu huiita "kulainisha gari", ndiyo mbaya kuliko zote kwa wakati huu.

Tunayo bahati Mombasa. Kutoka Miritini ukipanda Mazeras kisha ukakata kulia kuelekea Rabai na Kaloleni, barabara inapanda na kushuka kwa upole mpaka utosheke. Upande wa pili, kutoka Kombani kupanda Kwale mjini kuna kilima cha haja. Nenda, rudi, pumzika saa nzima, uchukue madafu. Mapumziko ni sehemu ya kazi: difu inatakiwa ipate joto, ipoe kabisa, ipate joto tena. Safari nne za kilomita 80 zina faida kuliko moja ya 320.

Ukirudi kutoka kilimani, weka kiganja karibu na kibumba cha difu chini ya gari. Usikiguse mara moja. Kitakuwa na joto, hilo ni sawa. Kikiwa cha moto kiasi cha kurusha mate ukiyatemea, umeharakisha. Ukiwa na kile kipimajoto cha bastola ambacho mafundi wa friji hutumia, andika unachokisoma baada ya kila safari ya Kwale. Kwa mwendo uleule na hali ileile ya hewa, tarakimu zinapaswa kushuka wiki hadi wiki. Mimi niliziandika kwa kalamu kwenye kifuniko cha ndani cha boneti, na hapo ndipo nilipoamini kwamba kinachoitwa kuzoeshwa kipo kweli.

Kuanzia kilomita 500 anza kupakia kidogo nyuma. Mifuko minne ya saruji ni kilo 200, na inatosha. Ikifika 700, weka sita au minane. Funga mzigo karibu na kabini, si kwenye lango la nyuma.

Pima oili ya injini kila Ijumaa, gari likiwa mahali tambarare na limezimwa kwa dakika kumi. Injini mpya inaweza kunywa kidogo, si ajabu. Ikishuka kutoka alama ya juu hadi ya chini kabla ya kilomita 800, irudishe ulikoinunua. Usiongeze kimyakimya.

Kilomita 800 mpaka 1,600: mzigo wa kweli, na oili za kwanza

Sasa pakia nusu ya uwezo wa gari na uendeshe kama utakavyoendesha siku zote. Unaweza kugusa 100 kwa dakika chache, lakini usibaki hapo. Kama ni lazima uende Voi, nenda, ila badilisha mwendo kila baada ya muda: 70, 90, 80, gia moja chini kwenye mwinuko, gia moja juu kwenye mteremko.

Ukifika 1,600, badilisha oili ya difu, hata kama kitabu hakitaji. Nitabishana na yeyote juu ya hili. Ule unga wote wa vinundu vilivyolainishwa unaelea ndani ya oili, na difu za pikapu nyingi hazina filta. Kuiacha humo mpaka kilomita 40,000 ni kuyapaka meno msasa.

Utaratibu wake una hila moja ambayo wengi wameijua kwa majuto. Difu ina nati mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Anza na ya juu. Ukiimwaga oili yote kisha ukakuta nati ya juu imeng'ang'ania, una gari lisiloweza kwenda popote. Endesha kwanza kilomita kumi ili oili iwe nyepesi, fungua juu, fungua chini, acha itiririke mpaka ianze kudondoka. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Ukikuta juu yake ujiuji wa kijivu kama masizi yaliyochanganywa na grisi, hiyo ni kazi iliyokwenda vizuri. Ukikuta vipande unavyoweza kuvihesabu, chukua picha na usivute chochote mpaka waliokuuzia wafungue waangalie.

Oili ya kurudisha ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Kwa difu nyingi za pikapu ni ya daraja la GL-5, lakini usidhani kwamba iliyofaa difu itafaa gia za mkono pia. Baadhi ya giaboksi hutaka GL-4, na dawa iliyomo kwenye baadhi ya oili za GL-5 inaweza kula shaba ya sinkronaiza zake, zile ringi zinazolainisha kubadilisha gia. Kama difu yako ni ya aina ya kujifunga yenyewe gurudumu moja likiteleza, inahitaji oili yake maalumu. Jaza mpaka oili ianze kumwagika kwenye tundu la juu, gari likiwa sawa, kisha funga. Mwambie fundi aangalie na tundu la kupumulia la difu, lile lenye kijibomba. Likiziba udongo, joto litasukuma oili ipite kwenye sili.

Oili ya injini na filta ni kwa ratiba ya kitabu na masharti ya dhamana. Weka risiti.

Wenye magari ya mtumba watauliza kama haya yanawahusu. Kwa gari lililotembea, difu imeshazoeana, kwa hiyo mwaga oili ya zamani, weka mpya, endelea. Lakini ukibadilisha krauni na pinioni, hesabu inaanza upya kutoka sifuri. Mimi niliianza mara ya pili nikiwa na gari la miezi miwili.

Wakati unasubiri, panga upande wa trela

Kilomita 1,600 ni kama mwezi na nusu kwa mtu wa kawaida. Usiupoteze.

Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chasisi kwa bolti, na kiwe na kibati kinachosema kinabeba kilo ngapi. Kile kinachochomelewa kwenye bampa na fundi wa mageti ni cha urembo. Pima gololi ya kushikia trela: nyingi ni za milimita 50, na kichwa cha trela lazima kiandikwe hivyohivyo. Kichwa kikubwa juu ya gololi ndogo hukaa vizuri tu mpaka kwenye tuta la kwanza. Kwa hewa yetu ya chumvi, paka grisi gololi na uivalishe kofia, na kagua weldi kila miezi mitatu. Kutu ya hapa huanzia ndani.

Hesabu ya uzito ndiyo inayowakosesha watu wengi, maana tangazo huandika "inavuta kilo 3,500" na msomaji anaishia hapo. Tuseme kitabu kimeandika: gari tupu kilo 2,000, gari likijaa lisizidi 3,000, gari na trela pamoja visizidi 5,800. Umebeba watu wanne, kilo 300. Nyuma kuna mifuko kumi ya saruji, kilo 500. Trela la mashua ni kilo 1,200, na pua yake inakandamiza gololi kwa kilo 120. Hizo 120 ni mzigo wa gari pia. Jumla ni 920, umebakiwa na kilo 80 tu, yaani jerikeni chache. Na gari likijaa kabisa hizo 3,000, trela haliwezi kupita 2,800. Zile 3,500 za tangazo zilikuwa za gari lililo karibu tupu. Trela lisilo na breki zake lenyewe, kwa pikapu nyingi, mwisho wake ni kilo 750, na wenye matrela ya gereji mara nyingi hawana habari hiyo.

Pua ya trela inatakiwa iwe na asilimia 10 hivi ya uzito wa trela, kwa kadiri kitabu chako kinavyoruhusu. Kwa trela dogo, chukua mizani ya kujipimia mwili, iweke juu ya matofali yafikie urefu wa gololi, kisha telemsha pua juu yake. Ikiwa nyepesi mno, mkia wa trela utachezesha gari lote. Sogeza mzigo mbele ya ekseli kidogo, upime tena.

Matairi ya trela hufa kwa uzee kabla ya kwisha meno. Ubavuni tafuta tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta nyufa kama za tope kavu, badilisha hata kama yanaonekana mapya. Fungua beringi, osha, angalia, paka grisi ya kustahimili maji.

Karatasi nazo: trela lina logibuku yake na namba yake inayoanza na herufi Z. Uliza NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kama daraja la leseni yako linaruhusu uzito unaotaka kuvuta, na mwarifu mwenye bima yako kwa maandishi kwamba gari litavuta. Bima isiyojua kuhusu trela inaweza kukukana siku unayoihitaji.

Siku ya kwanza ya kuvuta

Funga trela tupu. Bofya kichwa mpaka kishike, kisha jaribu kukiinua kwa jeki ya pua. Gari likiinuka pamoja nacho, kimeshika. Cheni mbili zipitane msalaba chini ya pua, ili ikichomoka ilale juu ya cheni badala ya kuchimba lami. Chomeka plagi na umwite mtu asimame nyuma: breki, indiketa kulia, kushoto, taa za usiku. Wengi wetu hujaribu taa mchana wa jua kali na kuona "zinawaka" kwa sababu tunataka ziwake. Subiri magharibi.

Zunguka mtaani kwanza, Bamburi au Utange, na ujifunze kurudi nyuma kwenye uwanja mtupu. Shika usukani chini kabisa: mkono ukienda kushoto, mkia wa trela unakwenda kushoto. Tuktuk zitakupigia honi. Ziache zipige.

Baada ya kilomita 15, simama na uguse vikombe vya beringi kwa nyuma ya mkono. Vyote viwe na joto linalofanana. Kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, beringi imekazwa mno au breki imeshika. Rudia baada ya kilomita 50, kisha kila unaposimama. Tabia hii imeniokoa Mariakani, mwaka wa pili, gurudumu likiwa karibu kutoka.

Siku inayofuata weka nusu ya mzigo, kisha robo tatu. Kwa kilomita 800 za mwanzo za kuvuta, ishia 80 kwa saa. Ondoka kwa utaratibu na usitumie gia ya juu kabisa kwenye mwinuko. Kwa gari la otomatiki, kama lina kitufe cha kuvutia mzigo, kibonyeze, kwa sababu huzuia gia kubadilika-badilika na kuchemsha oili ya giaboksi. Acha nafasi mbele yako mara mbili ya kawaida. Matatu itaingia kwenye nafasi hiyo. Irudishe nafasi, usigombane nayo.

Mteremko wa Mazeras kurudi Miritini ndio mtihani. Chagua gia ndogo kabla hujaanza kushuka, si katikati. Injini ishikilie gari, breki ukanyage na kuachia. Ukinusa kuungua, tafuta pembeni upoze, na usizimwagie maji.

Trela likianza kuyumba, pengine upepo wa kusi umelipiga ubavuni kwenye daraja la Mtwapa au basi limekupita kwa kasi, inua mguu kwenye mafuta na ushike usukani wima. Usifunge breki za gari kwa nguvu wala usijaribu kulinyoosha kwa kukatakata usukani. Likitulia, simama uangalie mzigo. Mara nyingi utakuta umelemea nyuma.

Wanaovuta mashua wana lao la ziada. Ukifika ufukweni, usiingize trela majini moja kwa moja. Beringi za moto zikizamishwa ghafla, hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji ya chumvi. Subiri nusu saa, chomoa plagi ya taa, ndipo urudi nyuma. Jioni mwagia maji baridi ya bomba magurudumu, springi, breki na chini ya pikapu yenyewe. Na kama unakwenda Pwani ya Kusini, pita Dongo Kundu. Ule mteremko wa kuingia ferini, maji yakiwa yamekupwa, hukwaruza mkia wa trela refu, na kuondoka kwenye mwinuko ule na mzigo ndiko kunakoichoma klachi mpya.

Ukimaliza kilomita 800 za kuvuta, rudi kwa fundi. Bolti za chuma cha kuvutia zikazwe upya kwa kipimo, sili ya pinioni iangaliwe kama inavuja, difu ifunguliwe nati ya juu na oili ichovywe kidole. Yangu ya mara ya pili ilitoka na rangi ya asali. Fundi aliinusa, akajifuta kwa kitambaa, akaniuliza mashua inaondoka Shimoni saa ngapi, kwa sababu na yeye alikuwa anataka lifti.